Weka Kidole Kabla ya Kununua Spea: Kukagua na Kubadilisha Bolijointi ya Gari

Jumatano iliyopita mwalimu mmoja wa Komarock, hapa Nairobi, aliniletea Toyota Fielder yake, ile ambayo namba yake ya chasisi huanza na NZE, mkononi ameshika karatasi iliyokunjwa mara nne. Ndani kulikuwa na orodha ya spea: shokabsoba za mbele, linki za stebilaiza (ufito unaozuia gari kulala upande kwenye kona), bushi za amu (raba za mkono wa chuma unaoshika gurudumu kwa chini), tairodi endi (kiungo cha usukani na gurudumu). Gari lilikuwa linagonga "gwa, gwa" upande wa kushoto kila likipanda tuta. Aliyemwandikia orodha hiyo alikuwa ameendesha gari mita mia moja, akasikiliza, akachukua kalamu.

Nikamwambia, "Mwalimu, hiyo karatasi rudisha mfukoni kwanza. Njoo uchuchumae hapa nami."

Tukainua gari. Kijana wangu akashika mtaimbo. Mimi nikachukua kidole cha mwalimu mwenyewe nikakilaza pale chini, kwenye upenyo ulio kati ya bolijointi na chuma kinachobeba habu, yaani kitovu cha gurudumu. Kijana akainua mtaimbo kidogo tu, kama mtu anayeonja uzito wa ndoo.

"Imeruka," mwalimu akasema. "Imeruka chini ya kidole."

"Rudia," nikamwambia kijana. Ikaruka tena. Tukahamia linki, tukaweka kidole: kimya. Bushi: kimya. Tairodi endi: kimya. Orodha yote ikabaki kitu kimoja, na hicho kimoja hakikuwa kimeandikwa.

Nafanya kazi ya chini ya gari hapa Kariobangi Light Industries tangu 2008, na naandika haya kwa sababu kila wiki naona watu wakinunua spea ambazo gari halikuzihitaji, huku ile inayoweza kuwaua imebaki pale pale. Sauti ya chini ya gari husafiri kwenye vyuma. Bolijointi ikigonga kushoto, dereva anaweza kuapa kwamba ni usukani. Sikio hukuambia kuna ugonjwa, kidole ndicho hukuonyesha unapouma.

Bolijointi ni kama nyonga ya binadamu. Kuna kichwa cha chuma cha mviringo kilichokaa ndani ya kikombe, na kati yao kuna utando wa plastiki ngumu na grisi. Kutoka kwenye kichwa hicho unatoka mkia uliochongwa umbo la pia, mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili, unaoingia kwenye chuma cha habu (sisi mafundi tunakiita nako) na kukazwa kwa nati. Kikombe kimefungwa kwenye amu ya chini. Kwa hiyo amu hupanda na kushuka na barabara, nako hugeuka na usukani, na bolijointi ndiyo inayoruhusu yote mawili kwa wakati mmoja. Juu yake imevalishwa raba ndogo ya kuzuia vumbi.

Raba hiyo ndiyo hufa kwanza. Ikipasuka, grisi hutoka na uchafu huingia. Sisi wa Eastlands tuna udongo mweusi, ule unaovimba ukinyeshewa na kupasuka ukikauka, ndio maana barabara zetu hazikai. Mvua za Machi hadi Mei zikija, tope lake hunata chini ya gari kama ugali kwenye sufuria, na likiingia ndani ya raba iliyopasuka linabaki humo humo na mchanga wake. Kila ukikata kona, mchanga unasaga. Watu wa Dagoretti na udongo wao mwekundu hawajaponea, ila wao vumbi ndilo huwamaliza zaidi kuliko tope.

Kikombe kikilika mno, kichwa huchomoka. Hapo hakuna tena kinachoshika gurudumu kwa chini. Hulala chini ya madigadi, gari huketi kwenye lami, na kwa gari linalovuta kwa mbele shafti inayozungusha gurudumu inaweza kung'oka kwenye giaboksi mafuta yakamwagika yote. Umewahi kuona Probox katikati ya Jogoo Road, gurudumu la mbele limetazama upande kama mguu uliovunjika? Mara nyingi ni hiyo.

Mwaka wa 2011 mama mmoja anayeuza mitumba Gikomba aliniletea Premio. Aliniambia usukani unatangatanga. Nikaweka jeki chini ya amu ya chini kwa sababu ndipo ilipokuwa rahisi kufika, nikashika gurudumu juu na chini, nikatikisa, likatulia tuli. Nikamwambia, "Mama, hii iko sawa, nenda ukafanyie alaimenti, magurudumu yanyooshwe." Baada ya wiki mbili akanipigia simu kutoka Outering Road, karibu na Donholm. Alikuwa akitoka kituo cha mafuta, polepole, watoto wawili kiti cha nyuma, gurudumu la kulia likalala. Hakuna aliyeumia. Lakini mama huyo alikuwa asafiri Thika siku iliyofuata, na mimi ninajua watu wanavyokimbia kwenye ile barabara.

Kosa lilikuwa langu na lilikuwa mahali pamoja: nilipoweka jeki. Shika hilo kuliko yote utakayosoma hapa.

Gari nyingi ndogo tunazoendesha, Fielder, Premio, Vitz, Demio, Note, zina mfumo wa mbele wa MacPherson: springi na shokabsoba ni kitu kimoja kilichosimama wima, na chini kuna amu moja tu. Hapo uzito wa gari hupita kwenye springi moja kwa moja hadi kwenye nako, na bolijointi ya chini kazi yake ni kushika tu. Ukiweka jeki chini ya amu, unaisukuma bolijointi juu dhidi ya springi, unaibana, na mchezo wote, yaani ule ulegevu wa kiungo, unajificha. Gari la namna hiyo liinue kwa krosmemba (chuma kinachovuka chini ya gari, upande hadi upande) au kwa sehemu za bodi zilizotengwa kwa jeki, magurudumu yaning'inie.

Gari lenye amu mbili, ya juu na ya chini, kama pikapu nyingi, ni kinyume chake. Tazama springi, iwe ya mviringo au ya ufito, imekaa kwenye amu ipi. Kama imekaa kwenye amu ya chini, bolijointi ya chini ndiyo inayobeba uzito, na ukiacha gurudumu lining'inie springi itaibana nawe usione kitu. Hapo weka jeki chini ya amu ya chini, karibu na bolijointi kadiri inavyowezekana, ili uipunguzie mzigo. Kwa hiyo kabla ya kugusa jeki, inama utazame springi iko wapi.

Sasa ukaguzi wenyewe. Simamisha gari mahali tambarare na pagumu. Uwanja wetu ni wa changarawe, kwa hiyo chini ya jeki tunaweka kipande cha ubao mnene, la sivyo jeki huzama upande mmoja na gari hutambaa. Vuta breki ya mkono, weka mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma. Kabla hujainua, mwambie mwenzako afungue usukani na autikise kushoto kulia kidogo kidogo huku wewe umeshika tairodi endi: ikiruka kabla ya gurudumu kufuata, umepata ugonjwa mwingine, uuandike kando.

Inua pande zote mbili za mbele. Upande mmoja ukibaki chini, ufito wa stebilaiza huvuta amu na kukudanganya, na wakati wa kubadilisha utakusumbua zaidi. Weka stendi mbili za chuma zilizo imara. Hapa siombi, nakataza: usiingize kichwa wala bega chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Jeki ya chupa hupoteza mafuta bila kupiga kelele.

Anza na macho. Futa bolijointi kwa kitambaa, washa tochi, zungusha usukani hadi mwisho ili uone raba pande zote. Unatafuta mpasuko, na unatafuta grisi iliyorukia amu na rimu. Raba ikiwa imepasuka leo, grisi ya ndani bado safi na hakuna mchezo, wako watakaokubadilishia raba tu. Mimi siku hizi sifanyi hivyo. Sijui hata mmoja ambaye raba yake ilipasuka akaja siku hiyo hiyo. Huja baada ya mvua mbili.

Kisha shika gurudumu kwa juu na kwa chini, mkono mmoja saa kumi na mbili ya saa ya ukutani, mwingine saa sita yake. Sukuma juu, vuta chini, pokezana. Ukisikia mchezo, usiseme bado ni bolijointi. Mwenzako akanyage breki ukitikisa. Mchezo ukipotea breki ikishika, mshukiwa ni beringi ya gurudumu. Ukibaki vile vile, ugonjwa uko nyuma ya habu: bolijointi, bushi, au sehemu ya juu ya shokabsoba. Halafu tikisa kwa upande, kushoto na kulia, hapo tairodi na raki, ile gia ya usukani, ndizo zinaulizwa.

Baada ya hapo ndipo mtaimbo. Uweke chini ya tairi, inua polepole, huku mtu wa pili ameweka kidole kwenye upenyo kati ya bolijointi na nako. Kisha hamia kati ya amu na nako, usiiguse raba, na ubonyeze kwa upole. Upole ni sehemu ya kipimo. Ukiegemea mtaimbo kwa nguvu zako zote, bushi za amu zitajikunja, gari zima litasogea, nawe utahukumu bolijointi nzima. Bolijointi iliyochoka haihitaji nguvu: huruka kwa mkono mmoja. Unasikia "tk" ndogo kwenye ncha ya kidole kabla sikio halijapata kitu. Angalia kidole kiko wapi sawasawa, nusu yake kwenye bolijointi na nusu kwenye nako, kwa sababu unachotafuta ni vyuma viwili kuachana. Vikisogea pamoja, tatizo liko kwingine, hamisha kidole.

Vitabu vya watengenezaji hutoa kipimo cha mwisho cha mchezo kwa kila gari, na gari kubwa za mizigo huruhusiwa kidogo. Kwa gari ndogo za MacPherson mimi kipimo changu ni sifuri. Ikiruka, inatoka.

Nikizungumzia dalili za barabarani, hizo ni za kukuleta tu gereji: kugonga kwenye matuta, mlio wa "kwiii" ukikata kona polepole asubuhi, usukani unaotangatanga, tairi kuliwa ukingo mmoja. Zote zinaweza kuletwa na kitu kingine. Ndiyo maana nasisitiza kidole.

Kuhusu spea. Kabla hujaenda Kirinyaga Road, ile wazee bado wanaiita Grogan, jua bolijointi ya gari lako imefungwaje. Kwenye NZE imefungwa kwa amu kwa bolti na nati, inatoka peke yake. Kuna gari ambazo zimepigwa riveti kiwandani, hizo unakata vichwa vya riveti kwa grainda, unatoa kwa tindo, na spea mpya huja na bolti zake. Kuna zilizoshindiliwa ndani ya amu au nako na kushikwa na klipu ya duara, hizo zinataka presi, na usikubali mtu azipige nyundo hadi ziingie kwa sababu kikombe huingia upande. Na kuna gari nyingi za siku hizi ambapo bolijointi na amu ni kitu kimoja: unanunua amu nzima. Watu hulalamika ni ghali, lakini unapata na bushi mpya, na kazi ni fupi.

Beba ile ya zamani kama umeshaitoa, au namba ya chasisi. Jina la modeli halitoshi, miaka miwili tu huweza kubadilisha unene wa mkia. Dukani, fungua boksi hapo hapo. Shika mkia uuzungushe: mpya inapaswa kuwa nzito mkononi, igeuke kwa kukataa kataa na ibaki pale unapoiacha. Ikilegea na kuanguka kwa uzito wake, irudishe. Raba iwe laini bila mikunjo iliyopauka, pete zake za juu na chini ziwe zimekaa. Ndani kuwe na nati mpya na spliti pini mpya (pini ya miguu miwili inayozuia nati isifunguke). Mimi hununua za Kijapani za 555 kwenye duka ninalolijua, na huwa natazama uchapaji wa boksi na maandishi yaliyogongwa kwenye chuma, kwa sababu jina lolote linalopendwa huigwa.

Bolijointi iliyotumika sinunui, hata ukiniambia imetoka Japani juzi. Injini iliyotumika unaweza kuiwasha ukaisikiliza, bolijointi iliyotumika hujui imebeba miaka mingapi. Na akitokea mtu wa kukuambia ataigonga kikombe ibane, au ataichomelea, au ataichoma sindano ya grisi kwenye raba, mshukuru uondoke. Kikombe kilichogongwa kinabana siku chache na kupasuka, joto la kuchomelea linayeyusha plastiki ya ndani, na tundu la sindano ni mlango wa maji.

Kubadilisha sasa, na nitafuata ile NZE ya mwalimu.

Usiku wa kuamkia kazi tulipuliza mafuta ya kulegeza kutu kwenye nati zote, baada ya kupiga brashi ya waya. Asubuhi, gari likiwa chini, tukalegeza nati za gurudumu kwa spana 21. Kwenye gari hili nati ya bolijointi iko juu ya nako, kichwa cha shafti kiko karibu mno juu yake, na nafasi ni finyu. Kwa hiyo tulilegeza pia nati ya katikati ya habu, soketi 30, gari bado chini na mwalimu akiwa amekanyaga breki. Nati hiyo imegongwa mdomo ili isifunguke, inyooshe kwanza huo mdomo kwa tindo nyembamba, usilazimishe ukaharibu nyuzi za shafti. Kisha jeki, stendi, gurudumu nje. Gurudumu lililotoka lisukume chini ya gari pembeni, stendi ikishindwa litabeba.

Toa klipu ya waya wa ABS (breki zinazozuia magurudumu yasikwame) ili usije ukaukata. Nyoosha spliti pini kwa koleo na uivute, ikivunjika ipige kwa msumari mwembamba. Legeza nati yenye meno, ile kama taji, lakini usiitoe yote. Iache imeshika nyuzi kadhaa, ili mkia ukiachia vyuma visikurukie.

Hapa wengi huharibu. Mkia umebanwa kwa umbo lake la pia, hautoki kwa kuvutwa tu. Mtu huchukua nyundo akapiga ncha ya mkia, nyuzi zinafutika, na bado haitoki. Kama una pula ya bolijointi itumie. Kama huna, piga nako yenyewe, ubavuni, pale inapozunguka mkia. Shika nyundo nzito upande mmoja iwe kama fuawe, na upande wa pili piga kwa nyundo ya ratili nne, mapigo mawili matatu ya haki. Tundu linajinyoosha kidogo mno kwa kila pigo, na mkia unaruka. Unasikia sauti inabadilika: kwanza "ting", kisha "tog". Ile "tog" ndiyo. Uma wa kupigiliwa katikati unafanya kazi vizuri pia, ila unapasua raba, kwa hiyo ni wa bolijointi unayoitupa tu, kamwe usiutumie ukitaka kuirudisha.

Mkia ukishaachia, fungua nati mbili na bolti zinazoshika bolijointi kwenye amu, spana 17 kwenye hili. Ingiza mtaimbo mrefu chini ya krosmemba, juu ya amu, na kijana auegemee hadi amu ishuke. Sasa nako imekuwa huru. Sukuma shafti ndani kwenye habu, vuta nako nje kidogo upate nafasi ya kumalizia ile nati, kisha toa bolijointi. Usiivute nako mbali. Shafti ikivutwa sana inaachana kwa ndani upande wa giaboksi, na paipu ya breki nayo ina urefu wake.

Tulipoitoa ya mwalimu niliiweka kiganjani mwake. Mkia ulianguka upande wenyewe, kama kichwa cha mtoto aliyelala. Tulipoikata raba, grisi ilikuwa imekuwa uji wa kutu, rangi ya kahawa.

Kabla ya kuweka mpya, safisha. Tundu la nako lipigwe brashi na kufutwa hadi likauke kabisa. Usipake grisi wala mafuta mle: mkia hushika kwa chuma kavu dhidi ya chuma kavu, na ukiupaka mafuta utabana vibaya. Tazama tundu kwa tochi. Kama limekuwa umbo la yai, kwa sababu mtu aliendesha na nati imelegea, nako yenyewe inatoka. Bolijointi mpya haitaliokoa tundu lililoharibika.

Ingiza mkia kwenye nako, shika nati kwa vidole. Shusha amu, panga bolti na nati za chini, zishike zote kwa vidole kabla ya kukaza hata moja. Kisha kaza za chini, na mwisho nati ya taji. Mara nyingine mkia mzima unazunguka pamoja na nati. Usitafute koleo la kuushika, utakwaruza. Weka jeki chini ya amu, inua kidogo, uzito ukandamize mkia kwenye tundu lake, nati itakazika. Tumia spana ya kupimia nguvu na kipimo cha kitabu cha gari lako. Ukifika kwenye kipimo na tundu la pini halijakutana na meno ya taji, ongeza kukaza hadi jino linalofuata. Kurudi nyuma ni marufuku.

Spliti pini ni mpya daima. Ya zamani ikishakunjwa mara moja imekwisha, na waya wa uzio si spliti pini, nimekuta waya huo kwenye gari zilizobeba abiria. Mguu mmoja wa pini ukunje juu ya ncha ya mkia, mwingine uukunje chini kwenye nati, ncha zisiguse raba wala shafti. Kama bolijointi ina nipo, ile chuchu ya kuingizia grisi, pampu hadi raba ianze kujaa kidogo, acha. Ikivimba kama puto umeipasua.

Kama gari lako ni lile la amu nzima, kuna jambo moja la kuongeza. Bolti za bushi zishike tu gari likiwa juu, uzikaze mwisho magurudumu yakiwa chini na gari limeketi kwa uzito wake. Ukizikaza amu ikining'inia, raba ya bushi inabaki imejipinda ukishusha gari, na itapasuka mapema. Nimebadilisha bushi changa kabisa kwa kosa hilo.

Rudisha waya wa ABS, nati mpya ya shafti, gurudumu. Shusha gari, kaza nati ya shafti kwa kipimo chake na ugonge mdomo wake. Nati za gurudumu kaza kwa kuvukana, si kwa kuzunguka. Kwa Toyota ndogo kama hii kipimo ni 103 Nm. Kuruka juu ya spana kwa mguu kunavuta nyuzi na kupinda diski.

Upande wa pili je? Si lazima ubadilishe zote mbili kwa siku moja, ila lazima ukague, na kwa kidole vile vile. Ya kulia ya mwalimu ilikuwa kimya, raba nzima. Tuliiacha. Nilimwambia aiwekee akiba, kwa sababu zimetembea barabara moja. Kisha aende alaimenti, kwa kuwa tairi lililokuwa likining'inia kwenye kiungo kilicholegea lilikuwa limeshaanza kuliwa ndani.

Jaribio la barabarani nafanya hivi: nashusha vioo vyote, naendesha polepole kando ya ukuta mrefu wa godauni, juu ya matuta. Ukuta hurudisha sauti ya chini ya gari, unasikia kila kitu. Ile "gwa, gwa" haikuwepo. Tuliporudi tuliinua gari tena, mwalimu akaweka kidole mwenyewe bila kuambiwa, kijana akashika mtaimbo.

"Hakuna," akasema.

Aliomba ile ya zamani akawaonyeshe wanafunzi wake wa fizikia. Nimempa, na wiki ijayo anarudi nikaze nati za gurudumu na nitazame ile pini imekaa vile nilivyoikunja.